Kiranga, Kezilahabi na riwaya yenye siri

Wafini hawaoni haya kukiri kwamba fasihi yao ililelewa pia na elimu ya siri. Mwaka 1916 Pekka Ervast, kiongozi wa wanatheosofia wa nchi hiyo, alitoa kitabu kizima kilichoisoma Kalevala, utenzi wa taifa lao, kama hazina ya mafunzo ya roho yaliyofichwa ndani ya visa vya mashujaa. Kwetu, katika ukanda wa Maziwa Makuu, haya hiyo bado ipo. Hadithi ya mizimu huitwa ushirikina, riwaya ngumu huitwa ya Kizungu, na uhakiki unaishia hapo. Huo ni uvivu. Elimu ya siri ya ukanda huu imo katika riwaya ya Kiswahili, ila iliingia kama umbo la hadithi, si kama mafundisho.

Tuanze na ya hapa Gitega. Kabla Mapadri Weupe hawajafungua misheni ya Mugera mwaka 1899, na kwa muda mrefu baadaye, Warundi wengi walipitia kubandwa, ibada ya Kiranga, ambayo jamaa zake wako Rwanda kwa Ryangombe, Buha, Buhaya hadi Bunyoro. Mwari alitolewa katika maisha ya kawaida, akatishwa, akafundishwa na waliomtangulia maneno asiyoyajua mtu wa nje, kisha akarudi kwao akiwa mwingine. Kiranga mwenyewe husimuliwa kuwa mwindaji aliyeuawa na mnyama porini, na nguvu zake zikaanzia katika mauti hayo. Huko Finland theosofia ilinunuliwa dukani, ikiwa imechapishwa. Kiranga aliishi katika vinywa vilivyoapa kunyamaza. Mwandishi hawezi kunukuu siri iliyokatazwa kutamkwa, lakini anaweza kuazima mwendo wake: kutoka, kupotea, kukutana na wazee, kufa kwa namna fulani, kurudi.

Mwendo huo ndio mifupa ya Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Yule aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971 kwa uhalisia wa wazi, hapa anaacha kalenda na msuko wa kawaida, anamtuma msafiri asiyejua atafikia wapi. Mhakiki atanikatiza: hayo ni ya Nietzsche, Kezilahabi alipata udaktari wake Wisconsin mwaka 1985! Ni kweli, na wanafalsafa wa Ulaya wamo waziwazi ndani ya Nagona. Lakini hawakupewa kiti cha mwalimu. Ni vituo njiani, msafiri anawapita, na safari inaelekea kwenye ngoma kuu, jambo ambalo hakuna seminari ya falsafa inayohitimishwa nalo. Sidai kwamba Kezilahabi alichota kwa Kiranga moja kwa moja. Nadai kwamba mtu wa Ukerewe hakuhitaji kwenda Marekani kujua kwamba ukweli hupatikana kwa kupotezwa kwanza.

Pingamizi zito zaidi linatoka Zanzibar. Kitabu Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa 1960, kinamleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake aonyeshe kwamba nyuma ya mzimu kuna mkono wa binadamu. Je, si dalili kwamba riwaya yetu ilikua kwa kuifukuza siri? Kwa upande mmoja, ndiyo. Ila ondoa hofu ya mzimu uone kitakachobaki cha kisa hicho. Tena Msa anaona yasiyoonekana na wengine, huku msaidizi wake Najum akimfuata na kuulizauliza. Pengine hapa navuta kamba mno, lakini uhusiano wao una harufu ya kungwi na mwari. Abdulla aliikana imani akabaki na umbo lake. Kwa hiyo mwanafunzi wa hapa Gitega anayepewa Nagona asiambiwe atangulie kumsoma Nietzsche. Amuulize kwanza nyanya yake kubandwa kulikuwaje, hata akijibiwa nusu tu.