Aumwaye na Nyoka

Wazee walisema, aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walilolijua wao kwa kutazama watu, wachunguzi wa ubongo sasa wanalieleza kwa vipimo.

Tuchukue mfano wa Suna (msomaji wa pwani asije akaisoma Sunna!), kule Migori, inakopita barabara kuu iendayo Tanzania. Tuseme utingo amenusurika katika ajali ya lori. Mwaka wa pili huu, akisikia breki zikilia, jasho humtoka na moyo humwenda mbio, naye ameketi kwake anakunywa chai. Majirani humcheka. Kumbe ndani ya ubongo mna kisehemu mfano wa lozi, amigdala, kazi yake kupiga mbiu ya hatari. Jirani yake, hipokampasi, hutunza mahali na wakati wa kila tukio. Kwa aliyepatwa na kitisho kikubwa, mbiu hulia bila tarehe, na ajali ya zamani huwa ni ya sasa hivi.

Kutokana na elimu hiyo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walibuni tiba ya masimulizi. Mgonjwa husimulia maisha yake tangu kuzaliwa, hatua kwa hatua, mpaka kile kitisho kipate mahali pake na siku yake. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 wa Kisomali na Kinyarwanda walifanyiwa majaribio, na walioitoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa. Taarifa ya mwaka 2008 ilionyesha kuwa baada ya miezi tisa, 70 katika kila 100 walikuwa wametoka katika ugonjwa. Wasiotibiwa, 37 tu. Lakini waliopewa ushauri wa namna nyingine walifika 65, kwa hiyo tusiipe elimu ya ubongo sifa yote. Sikio la mwenzio nalo ni dawa.

Karibu zaidi na Suna, mjini Kisumu, wanawake 256 wenye virusi vya Ukimwi, waliopata kudhulumiwa na wakashikwa na sonona na kiwewe, walishirikishwa katika jaribio jingine lililotangazwa mwaka 2021. Waliozungumza na washauri wasio madaktari walipata nafuu kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida.

Utingo kama yule wetu, akienda kulalamika kwamba halali usiku, mara nyingi hurudi nyumbani na vidonge vya kichwa.