Moshi jikoni: Kosa si la kuni peke yake

MVUA za masika zinapoanza, wapishi wengi wa Soga na vijiji vingine vya Kibaha na Kisarawe huhamishia jiko ndani, wakafunga mlango na dirisha. Muda si mrefu moshi hujaa, macho huwasha na lawama huenda kwa kuni kwamba ni mbichi. Mara nyingi jiko limekosa hewa.

Hewa inapopungua, kuni haziungui zote. Sehemu yake hupotea kama moshi na masizi. Kwa mama ntilie anayenunua kuni kwa mzigo, hiyo ni fedha inayoteketea bila kuivisha chakula.

Nyumba za udongo na makuti huwa na nafasi kati ya ukuta na paa. Nyumba nyingi za matofali na bati, hasa zenye dari, hazina nafasi hiyo. Wapo wanaoweka bomba la moshi, kisha wakashangaa moshi ukirudi chini. Bomba haliwezi kutoa moshi ikiwa hakuna hewa mpya inayoingia kushika nafasi yake.

Kulijua tatizo ni rahisi. Washa jiko mlango ukiwa umefungwa. Moshi ukijaa, fungua mlango. Ukianza kupanda bombani, ujue hewa ilikuwa haitoshi.

Dawa yake ni kutoboa tundu chini ya ukuta wa nje, karibu na mdomo wa jiko, na kuliziba kwa wavu ili panya na nyoka wasiingie. Jiko lisilo na bomba linahitaji pia tundu la juu la kutolea moshi. Kuni ziinuliwe kidogo ili hewa ipite chini yake, na majivu yazolewe kila siku.

Mkaa una hatari nyingine. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Maharage yasiachwe yakichemka usiku kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala, hata kama lina tundu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Anayesubiri gesi au umeme anaweza kuanza na tundu hilo moja.