Pikapu Iliyokula Chumvi na Maji ya Rejeta Yake

Ndani ya silinda ya injini, mafuta huungua kwa joto linalopita digrii 2,000, ilhali aluminiamu, ambayo hedi nyingi (vifuniko vya juu vya silinda) zimetengenezwa nayo, huyeyuka kwenye digrii 660 tu. Kinachoiokoa hedi ni maji yanayozunguka bila kukoma katika njia nyembamba zilizoizingira silinda: yanabeba joto hadi kwenye rejeta, yanapoozwa na upepo wa feni na wa mwendo, kisha yanarudi. Takriban theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye mafuta hutoka kwa njia hiyo. Mzunguko ukikatika, dakika chache zinatosha kuipinda hedi au kuiunguza gasketi yake, na gharama ya kufungua injini huweza kuikaribia thamani ya pikapu yenyewe ikiwa ni ya zamani.

Kinachotakiwa kuzunguka humo si maji matupu, bali kulanti, yaani mchanganyiko wa maji, ethilini glaikoli na dawa za kuzuia kutu. Glaikoli ilipata umaarufu katika nchi za baridi kali kwa sababu huzuia maji yasigande na kupasua bloku. Kwa hiyo wenye magari wengi wa Afrika Mashariki huihesabu kuwa gharama isiyowahusu, wakajaza maji ya bomba au ya kisima. Ni kweli kwamba maji hayagandi Morogoro wala Kisumu. Lakini kuchemka na kutu havichagui nchi, na hivyo ndivyo viwili vinavyoziua injini za pikapu kuukuu.

Maji matupu huchemka kwenye digrii 100 usawa wa bahari, na kila yanapopandishwa mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa digrii moja. Nairobi maji huchemka karibu na digrii 94; Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ni kama digrii 91. Nusu kwa nusu ya glaikoli na maji huchemka karibu digrii 107 usawa wa bahari. Kifuniko cha rejeta nacho huongeza kinga kwa kufungia shinikizo ndani ya mfumo, na kikiwa kizima hupandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii nyingine zipatazo 20. Pikapu iliyopakia viazi ikipanda mlima Kitonga kwa gia ya pili inauhitaji ulinzi huo wote. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka na springi yake imelegea huondoa sehemu kubwa ya kinga hiyo bila dereva kuona kitu chochote cha ajabu, hivyo kwenye gari la miaka mingi ni busara kukibadilisha kabla ya kulaumu kingine.

Kutu huja polepole zaidi. Injini ya 22R ya Toyota, iliyofungwa kwenye Hilux nyingi za miaka ya 1980, ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Rejeta za enzi hizo ni za shaba zilizounganishwa kwa risasi. Metali tofauti zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na metali iliyo dhaifu huliwa. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, vya Bonde la Ufa mara nyingi vina magadi, na maji yenye chokaa huacha ndani ya injini ukoko uleule unaoonekana kwenye birika la chai. Ukoko huo huzuia joto kutoka kwenye chuma kuingia kwenye maji, na ukibanduka huziba mirija ya rejeta. Maji yanayofaa ni yaliyokenekwa, au ya mvua yaliyokingwa safi. Anayenunua maji yanayouzwa kwa ajili ya betri ahakikishe dumu halina asidi, kwa sababu vyote viwili huuzwa katika maduka yaleyale.

Kuongeza kulanti ni kazi ya dakika tano, na hufanywa injini ikiwa imepoa, ikiwezekana asubuhi kabla ya gari kuwashwa. Chupa ya akiba ina alama mbili, na kiwango kinatakiwa kuwa kati yake. Kwenye pikapu kuukuu kuitazama chupa peke yake hakutoshi: kifuniko kikichoka, chupa huweza kubaki imejaa huku rejeta ikiwa na upungufu, kwa hiyo rejeta yenyewe ifunguliwe na kutazamwa. Kinachoongezwa kiwe cha aina iliyomo. Rangi si mwongozo wa kuaminika, maana kijani, nyekundu, waridi na buluu ni hiari ya kiwanda. Kinachotofautiana ni dawa ya kuzuia kutu, na aina zisizopatana zikichanganywa hupunguziana nguvu au hata kuganda kama uji mzito. Isipojulikana ni aina gani iliyomo, ni heri kuongeza maji yaliyokenekwa kidogo, kisha kupanga siku ya kuisafisha rejeta yote.

Gari likichemsha njiani, kifuniko hakiguswi. Maji yaliyo chini ya shinikizo, yakiwa na joto la zaidi ya digrii 100, hugeuka mvuke mara tu yanapofunguliwa na kumrukia mtu usoni na kifuani. Madhara yake ni makovu ya maisha. Dereva huzima kiyoyozi, hufungua hita hadi mwisho ili itoe sehemu ya joto, huegesha mahali salama na kuzima injini. Baada ya nusu saa hadi saa nzima, mpira wa juu wa rejeta ukishikika kwa mkono bila kuunguza, kifuniko huzungushwa kwa kitambaa kinene hadi kituo cha kwanza, pumzi ikaachwa itoke yote, ndipo kikaondolewa. Kumwaga maji baridi kwenye chuma chenye moto mkali huweza kupasua hedi au bloku.

Mfumo huu umefungwa, kwa hiyo maji yanayopungua kila wiki yanakwenda mahali. Kuongeza tu bila kuuliza ni kuahirisha hasara. Madoa makavu meupe au ya kijani kwenye maungio ya mipira huonyesha mvujo mdogo. Pampu ya maji ina tundu dogo chini yake, na likidondosha matone, sili ya ndani imekwisha. Zulia lililolowa upande wa abiria huelekeza kwenye hita. Ikiwa nje pote ni pakavu, shaka huhamia kwenye gasketi ya hedi: moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta injini ikinguruma. Gari lenye dalili hizi linahitaji fundi, si dumu jingine la kulanti.

Kulanti ya kijani ya kizamani hudumu takriban miaka miwili, na aina mpya zaidi hufika miaka mitano. Muda ukipita, glaikoli hubaki lakini dawa ya kutu huwa imekwisha. Maji yakiwa ya kahawia, kusafisha hakungoji tarehe.

Kazi huanza injini ikiwa baridi. Koki ya chini ya rejeta hufunguliwa juu ya beseni, pamoja na plagi iliyo ubavuni mwa bloku. Mafundi wengi huiacha plagi hiyo kwa kuwa imeshika kutu, na hapo sehemu kubwa ya uchafu hubaki ndani. Swichi ya hita iwekwe upande wa joto ili njia yake nayo ifunguke. Maji safi hujazwa, injini huwashwa hadi thamostati, yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto, ifunguke na mpira wa juu upate joto, kisha huzimwa, huachwa ipoe na maji kumwagwa. Hurudiwa mpaka yatoke meupe, na kwenye gari lililokunywa maji ya kisima miaka kumi mara tatu au nne si nyingi. Dawa kali za kusafishia zitumike kwa hadhari, kwani kwenye rejeta iliyochakaa ukoko huenda ndio unaoziba matundu. Mipira iliyovimba au kupasuka midomo hubadilishwa papo hapo.

Huu ndio wakati wa kuitazama thamostati. Gereji nyingi huitoa na kuitupa, zikiamini kwamba maji yakipita huru gari halitachemsha. Matokeo huwa kinyume na matarajio: injini huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na kuchakaza silinda, na katika baadhi ya injini sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta kabisa, hivyo mlimani joto hupanda kuliko awali. Thamostati hupimwa kwa kuichemsha kwenye sufuria: ikifunguka karibu na digrii zilizochapwa juu yake na kufunga ikipoa, irudishwe na gasketi mpya.

Wakati wa kujaza, watu wengi husahau kwamba maji ya kusuuzia hubaki ndani ya bloku na kuizimua kulanti. Kitabu cha gari kikisema mfumo unachukua lita 8, lita 4 za glaikoli isiyozimuliwa hutangulia, kisha nafasi iliyosalia hujazwa maji yaliyokenekwa. Glaikoli tupu haifai, kwa kuwa hubeba joto kidogo kuliko maji. Pikapu huegeshwa pua ikielekea mlimani, kifuniko kikiwa wazi na hita imefunguliwa, injini ikanguruma taratibu. Mpira wa juu hukamuliwa mara kwa mara ili hewa itoke, na kiwango kikishuka huongezwa. Mapovu yakikoma kifuniko hufungwa, na kesho yake asubuhi kiwango hutazamwa tena, kwani hewa iliyojificha hutoka baada ya safari ya kwanza.

Kulanti iliyomwagwa haiachwi kwenye beseni hata kwa dakika chache. Ethilini glaikoli ina utamu unaowavuta mbwa na watoto, na ikinywewa huharibu figo. Kiasi kidogo huweza kuua. Isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Huwekwa kwenye dumu lenye kifuniko na maandishi, kamwe si kwenye chupa ya soda, na kupelekwa kwenye gereji inayokusanya taka za magari. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja hata kama haonyeshi dalili, kwa sababu dalili za figo hujitokeza baada ya saa nyingi, wakati tiba imekuwa ngumu zaidi.