Kisukari: Damu Huweka Hesabu ya Miezi Mitatu

Mgonjwa wa kisukari aliyepewa tarehe ya kurudi kwa daktari mara nyingi huwa na desturi moja ambayo wauguzi wanaijua sana. Juma zima kabla ya tarehe hiyo huacha soda, hunywa chai bila sukari, hupunguza ugali, na usiku wa mwisho hulala karibu na njaa. Asubuhi hutobolewa kidole, sukari huonekana ni ya kiasi, daktari humsifu, naye hurudi nyumbani kwa furaha. Jioni ile ile mambo huwa kama zamani. Huenda hivyo mwaka mmoja, miwili, hata mitano, na kadi yake ya hospitali hujaa tarakimu nzuri. Kisha siku moja kidonda kidogo cha kidole cha mguu, kilicholetwa na kiatu kilichombana, hukataa kupona. Watu wa nyumbani hushangaa, kwani kadi ilisema kwamba mwenyewe hajambo.

Kadi haikusema uwongo. Ilijibu swali iliyoulizwa, nalo ni hili: asubuhi hii damu ina sukari kiasi gani? Sukari ya damu hupanda baada ya chakula, hushuka kwa njaa na kwa kazi ya jembe, na hupanda tena kwa homa au kwa fadhaa. Kuipima mara moja tu katika miezi mitatu ni kama mkaguzi wa hesabu aingiaye ofisini, akafungua sanduku la fedha, akahesabu noti zilizomo, kisha akaenda zake bila kulitazama daftari. Karani mwenye hila aweza kukopa fedha asubuhi hiyo na kuzirudisha jioni. Daftari ndilo litakalomfichua.

Damu nayo ina daftari lake. Wekundu wa damu hutokana na kitu kiitwacho hemoglobini, kikaacho ndani ya chembe nyekundu na kuchukua oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka mwilini kote. Chembe hizo huogelea siku zote katika maji ya damu yenye sukari, na sukari hiyo hujibandika kidogo kidogo juu ya hemoglobini. Ikiisha kushikamana barabara haibanduki tena mpaka chembe ife. Chembe nyekundu huishi kwa kadiri ya siku 120. Basi mtu ambaye damu yake ilikuwa na sukari nyingi kwa majuma mengi, hemoglobini yake hubandikwa sukari nyingi. Na aliyejizuia, yake hubandikwa kidogo. Kwa kuwa damu ina chembe changa na chembe kuukuu pamoja, kipimo hiki huonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita, ingawa mwezi wa mwisho huhesabika zaidi kuliko ile ya nyuma. Kufunga siku tatu hakuwezi kuyafuta yaliyokwisha kuandikwa.

Hemoglobini hiyo iliyoshikwa na sukari wataalamu huiita A1c, nayo huhesabiwa kwa mia. Mtu asiye na kisukari kwa kawaida huwa na chini ya 5.7 kwa mia. Ikifika 6.5 au zaidi, huyo ahesabiwa kuwa na kisukari, na ikiwa hana dalili zozote hupimwa tena ili kuhakikisha. Wagonjwa wazima wengi huambiwa wajitahidi kukaa karibu na 7, ingawa kwa mzee aliye dhaifu daktari huridhika na zaidi ya hapo.

Jambo hili liligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Kwamba wagonjwa wa kisukari wana sukari katika mkojo lilijulikana tangu kale, na katika vijiji vingi wazee walimtambua mgonjwa kwa sisimizi waliokusanyika mahali alipokojoa, kipimo ambacho hakikuhitaji mtambo wowote. Mwaka wa 1776 daktari Mwingereza, Matthew Dobson wa Liverpool, alionyesha kwamba utamu huo ni sukari hasa, na kwamba imo katika damu pia. Lakini hemoglobini haikufikiriwa. Katika miaka ya 1960 Daktari Samuel Rahbar, mwenyeji wa Uajemi, alikuwa akichunguza damu za watu huko Tehran ili apate aina za hemoglobini zisizo za kawaida, zile ambazo watoto hurithi kwa wazazi. Alitia damu juu ya utando mfano wa jeli, akapitisha nguvu za umeme, na kila aina ya hemoglobini ikajitenga mahali pake. Katika damu ya wagonjwa wawili aliona alama ambayo hakuitazamia. Alipouliza habari zao akaambiwa kwamba wote wawili wana kisukari. Mtu mwingine angaliweza kusema ni bahati tu. Rahbar aliwatafuta wagonjwa wengine wa kisukari, akaiona alama ile ile, akatangaza habari hiyo mwaka wa 1968. Baadaye alikwenda New York, akafanya kazi pamoja na Daktari Helen Ranney, na mwaka wa 1969 wakathibitisha kwamba ni kitu kile kile kiitwacho A1c, ambacho wataalamu wengine walikuwa wamekitenga tangu mwaka wa 1958 bila kujua maana yake.

Ilibaki kujua kama alama hiyo hubadilika mgonjwa akitibiwa vyema. Mwaka wa 1976 madaktari wa New York walieleza habari za wagonjwa watano waliolazwa hospitalini na sukari yao ikatunzwa kwa uangalifu mkubwa. A1c yao ilishuka, polepole, kama ilivyotazamiwa.

Hata hivyo tarakimu nzuri si kitu ikiwa mgonjwa atapofuka vile vile. Miaka mingi madaktari walibishana juu ya jambo hili. Wengine walisema kwamba macho, figo na mishipa ya fahamu huharibika kwa sababu ya sukari, na wengine wakasema kwamba uharibifu huo umo katika ugonjwa wenyewe, wala mgonjwa hawezi kuuepuka hata akijitaabisha namna gani. Ili kukata shauri, wagonjwa 1,441 wa Marekani na Kanada, wale wa aina ya kisukari ambao hawawezi kuishi bila sindano ya insulini, waligawanywa sehemu mbili kwa kura. Sehemu moja walitibiwa kwa desturi ya siku zile, kwa sindano moja au mbili kwa siku. Sehemu ya pili walijidunga mara tatu au zaidi, au walitumia pampu ndogo ya insulini, nao walijipima kidole mara kwa mara. Wa kwanza wakakaa karibu na A1c ya 9 kwa mia, na wa pili karibu na 7.

Walifuatwa kwa miaka 6.5 kwa wastani. Kazi hiyo ilikomeshwa mwaka mmoja kabla ya wakati uliopangwa, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi, na likatangazwa mwaka wa 1993. Miongoni mwa wale ambao macho yao yalikuwa mazima hapo mwanzo, hatari ya macho kuanza kuharibika ilipungua kwa 76 kwa mia katika sehemu ya pili. Madhara ya mishipa ya fahamu, ambayo humfanya mtu asisikie mwiba wala kiatu kinachomchubua, yalipungua kwa 60 kwa mia. Ilikuwako gharama pia, wala haifai kuifichaficha: hatari ya sukari kushuka mno, hata mgonjwa akahitaji kusaidiwa na mtu mwingine, iliongezeka karibu mara tatu. Mwaka wa 1998 Waingereza nao walitoa habari za uchunguzi wao mrefu juu ya kisukari cha watu wazima, ile aina iliyo nyingi zaidi duniani, na habari zao zilielekea njia hiyo hiyo, ingawa faida yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya Marekani na Kanada. Shirika la Afya Duniani liliikubali A1c kuwa njia ya kutambua kisukari mwaka wa 2011.

Kuna jambo moja liwahusulo sana watu wa Afrika ya Mashariki. Daftari hili limeandikwa ndani ya chembe nyekundu, na si chembe za watu wote zilizo sawasawa. Mwaka wa 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Akaona kwamba watu wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria wengi wana hemoglobini ya selimundu, ile iwezayo kuipinda chembe mfano wa mundu, na watu wa milimani karibu hawanayo. Mwaka wa 1954 alieleza sababu yake: mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Mtu wa namna hiyo huweza kuishi mpaka uzeeni bila kujua alichorithi. Lakini mwaka wa 2017 uchunguzi wa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba watu wa jinsi hiyo, sukari yao ikiwa sawa na ya wenzao, A1c yao husomeka chini yao: 5.72 badala ya 6.01 kwa wastani. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini kwa mtu aliye mpakani ndiyo imwambiayo kwamba yu salama wakati ugonjwa umekwisha kuingia. Aliyetoka kuongezewa damu, au ambaye chembe zake hufa upesi kwa maradhi yoyote, hapati jibu la kuaminika. Na upungufu wa chuma katika damu waweza kuipandisha tarakimu isivyo haki.

Kwa hiyo mtu mwenye jamaa mgonjwa wa selimundu, au aliyeongezewa damu hivi karibuni, yampasa kumwambia daktari kabla ya kupimwa. Daktari aweza kumpima sukari kabla ya kula asubuhi, ambapo 7.0 kwa hesabu ya milimoli kwa lita, au zaidi, ni kisukari. Aweza pia kuitazama sukari iliyobandikwa juu ya protini za maji ya damu, ambazo huweka hesabu ya majuma mawili au matatu tu. Wagonjwa wengine hupimwa A1c mara mbili kwa mwaka ikiwa hali yao imetulia, na kila miezi mitatu ikiwa dawa imebadilishwa. Siku ya kipimo hicho hakuna haja ya kufunga. Mgonjwa aweza kunywa uji wake na kwenda hospitali saa yoyote.