Besi huku, filimbi kule: Ramani ya sauti ndani ya ubongo wa kima

Besi ya matatu ikikugonga kifuani huku filimbi ya makanga ikikukata masikio, ubongo wako hauchanganyi hizo sauti. Kila moja ina mtaa wake.

Mambo huanzia sikio la ndani, kwenye kifereji kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Sauti nyembamba hutikisa zaidi mwanzo wa kifereji, nzito hutikisa mwisho. Kinachoshangaza ni kwamba mpangilio huo haupotei njiani. Unafika hadi kwenye gamba la ubongo.

Mwaka wa 1973, Merzenich na Brugge, watafiti wa Marekani, waliufuatilia kwa kima wakitumia nyaya nyembamba zilizochomekwa ubongoni, nukta baada ya nukta. Kazi ya kuchosha kweli! Ndipo mwaka wa 2006 kikundi cha Christopher Petkov na Nikos Logothetis, mjini Tübingen, Ujerumani, kikawaingiza kima kwenye mashine ya MRI, kikawachezea milio ya masafa mbalimbali na kutazama damu yenye oksijeni inaongezeka wapi.

Shida ni kuwa MRI yenyewe ni kelele tupu, inaweza kupita desibeli 100. Ni kama kusikiliza mnong'ono kando ya jenereta. Lakini kuna ujanja. Damu huchelewa sekunde kadhaa kuitikia, kwa hivyo unaweza kucheza mlio mashine ikiwa imenyamaza, halafu upige picha kabla athari haijafifia.

Na ramani yenyewe? Ukianzia nyuma ya eneo kuu la usikivu ukielekea mbele, masafa yanashuka, yanashuka, hadi kwenye besi. Kisha yanageuka na kuanza kupanda tena. Pale yanapogeuka ndipo mpaka wa mtaa mwingine. Wakifuata migeuko kama hiyo, kina Petkov walitambua maeneo 11.

Si mchezo wa maabara tu. Vifaa wanavyopandikizwa viziwi sikioni hutegemea mpangilio huohuo: ncha za umeme zilizo mwanzoni mwa kifereji hubeba sauti nyembamba, zilizozama ndani hubeba nzito.

Ila kima hawakujitolea. Mwaka wa 2014 wanaharakati walitoa video iliyorekodiwa kisiri katika taasisi hiyo ya Tübingen, Ujerumani ikachemka. Mwaka uliofuata, Logothetis, akilalamikia matusi na vitisho, alitangaza kwamba anaachana na kima na kuhamia wanyama wa jamii ya panya.