Altezza kuukuu na mashine ya kupimia: Hasara hujificha kwenye soketi

ISSUNA, wilayani Ikungi, ipo mahali ambapo gari likiharibika mwenyewe hana pa kukimbilia haraka. Ni takriban kilomita 54 kutoka Manyoni na 63 kutoka Singida mjini, katika barabara kuu iendayo Nzega, Kahama hadi mpaka wa Rusumo. Mfanyabiashara mwenye akiba iliyotokana na alizeti, vitunguu au kuku anaweza kabisa kuvutiwa na wazo la kufungua gereji yenye mashine ya kupimia magari kwa kompyuta. Wazo si baya. Hata hivyo mashine zinazouzwa madukani hazifanani, na gari linaloweza kuzipima kwa ukweli si Noah ya juzi, bali ni lile gari la spoti la Kijapani la mwisho wa miaka ya 1990, hususan Toyota Altezza.

Magari ya namna hiyo bado yapo barabarani kwa sababu za kisheria na kikodi. Kenya haipokei mtumba uliozidi miaka minane, na Uganda ilizuia uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15 kuanzia mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango. Inatoza ushuru wa uchakavu, unaoanza gari linapofikisha miaka minane na kupanda likizidi kumi. Anayeweza kulipa analipa, na yaliyoingia zamani yanaendelea kuuzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Altezza, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, imo katika kundi hilo pamoja na Subaru Impreza, Nissan Skyline na Nissan Silvia. Kijana apendaye kasi huona bei yake ni nafuu, mpaka siku ile taa ya njano ya injini inapowaka.

Hapo ndipo fedha huanza kutoka. Fundi asiye na kipimo hubadilisha plagi, taa ikabaki. Akabadilisha koili, ikabaki. Akashuku sensa ya oksijeni, ikaagizwa kutoka Dar es Salaam kwa basi. Kubahatisha spea kwa gari ambalo spea zake ni adimu ni ghali kuliko hitilafu yenyewe. Mashine ya kupimia huondoa sehemu kubwa ya kubahatisha, lakini kwa sharti moja: iwe inaelewana na kompyuta ya gari hilo, ile ambayo mafundi wengi huiita kontrol boksi.

SOKETI MOJA, LUGHA TOFAUTI

Kuanzia magari ya mwaka 1996, sheria ya Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka soketi ya pini 16 na utaratibu mmoja wa mawasiliano uitwao OBD-II. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ikumbukwe kwamba lengo la sheria hizo lilikuwa kudhibiti moshi, si kumrahisishia fundi kazi. Ndiyo maana skana ya OBD-II peke yake husoma injini na mambo ya moshi, na haina habari na breki za ABS wala mifuko ya hewa.

Altezza ilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako sheria ya Marekani haikuwa na nguvu. Pacha wake, Lexus IS 300 iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2000, hujibu skana yoyote ya OBD-II. Altezza nayo ina soketi ya umbo lile lile chini ya dashibodi, lakini nyingi za miaka ya mwanzo hazijibu kwa utaratibu huo; zinatumia utaratibu wa Toyota wa soko la Japani. Ni sawa na Mnyaturu na Mbarabaig kukaa benchi moja la kituo cha basi: benchi ni moja, lugha ni mbili.

Magari mengine ni waaminifu zaidi katika jambo hili. Nissan za spoti za miaka ya 1990 zina soketi ya pini 14 ya Nissan wenyewe. BMW za wakati huo zina soketi ya duara yenye pini 20 ndani ya boneti, na Mercedes-Benz nyingi zina ya pini 38. Subaru Impreza za mwanzo nazo zina soketi yao. Hapo mnunuzi anaona kwa macho kwamba mashine haiingii, na hawezi kudanganyika. Altezza ndiyo inayodanganya: mashine inaingia, inawaka kwa kuwa pini namba 16 inatoa umeme wa betri, mnunuzi anafurahi, kisha kwenye kioo linatokea neno la kushindwa kuunganishwa. Muuzaji husema gari ni bovu. Mara nyingi gari halina kosa.

Kidude cha bei ndogo kuliko vyote ni kile cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi na kusomwa kwa simu. Asili yake ni chipu iitwayo ELM327 ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada. Toleo la kwanza la chipu hiyo lilitoka bila kinga ya kunakiliwa, na tangu hapo dunia imejaa nakala. Baadhi ya nakala zimepunguzwa amri za ndani, ingawa boksi limeandikwa toleo kubwa kuliko la awali. Kwa Toyota ya mwaka 2010 kidude hicho kinaweza kufaa. Kwa Altezza hakijibiwi mpaka programu ya simu iingizwe amri maalumu za kuanzisha mazungumzo na Toyota za Japani, na nakala hafifu hazizielewi amri hizo hata zikiingizwa. Mwenye gereji asitegemee kumtoza mteja kwa kifaa cha namna hii.

Ngazi ya pili ni kebo inayounganishwa na laptopu pamoja na programu ya chapa moja. Toyota wana Techstream. Wapenzi wa Subaru wana FreeSSM, ambayo hupatikana bure. Kwa mtu mwenye gari moja analolipenda, hii ndiyo njia yenye thamani kubwa kwa fedha kidogo, maana huona mambo ambayo mashine ya jumla haioni. Tatizo ni kwamba si kila kebo ya bei ndogo hufika kwenye Toyota za Japani za miaka ile, na laptopu yenye programu moja haiwezi kulisha gereji.

Ngazi ya tatu ni mashine kamili ya chapa nyingi, kama zile za Launch au Autel, kampuni zote mbili za Shenzhen, China. Hizi husoma injini, giaboksi, ABS na mifuko ya hewa. Zilizo bora zaidi zinaweza pia kuamrisha: kuwasha feni ya rejeta, pampu ya mafuta au vali ya mfumo wa VVT-i bila kugusa waya. Kwa injini ya 3S-GE ya Altezza, yenye VVT-i kwenye shafti zote mbili za vali, uwezo huo si anasa. Namba ya hitilafu husema tu kwamba mfumo haufuati amri. Kujua kama kosa ni la vali, la waya au la oili chafu kunahitaji kuiamrisha vali na kutazama inavyoitikia.

Lakini hata hapa boksi si ushahidi. Mnunuzi hana budi kufungua orodha ya magari na kutazama mambo mawili. La kwanza, je, upande wa Toyota mashine inauliza soko la gari, na Japani imo? Orodha yenye Lexus IS200 bila Toyota ya Japani haimsaidii mwenye Altezza. La pili, je, kuna viunganishi vya ziada vya soketi za zamani, kama Nissan pini 14, Toyota za zamani pini 17 na 22, Honda pini 3, Subaru pini 9? Baadhi ya maduka huuza mashine na viunganishi mbali, na bei iliyoonekana nafuu inapanda.

WAYA USIOUZWA

Kabla ya kutoa fedha yoyote, lipo jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulitaja. Toyota nyingi za miaka hiyo hutoa namba za hitilafu bila mashine. Swichi ikiwa imezimwa, fundi huunganisha kwa kipande cha waya pini namba 4 na namba 13 za soketi ya chini ya dashibodi, kisha hufungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kupepesa. Mipepeso miwili, kituo kifupi, kisha miwili mingine ni namba 22, yaani sensa ya joto la maji. Namba 21 ni sensa ya oksijeni, 41 ni sensa ya mkao wa throtoli, 52 ni sensa ya kugonga kwa injini. Ikipepesa haraka haraka mfululizo bila kituo, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Tahadhari ni moja tu: pini 16 ina umeme wa betri wakati wote, na waya ukikosea njia ukaigusa, fyuzi huungua, au jambo baya zaidi.

Waya hauonyeshi joto la maji linavyopanda wala jinsi mafuta yanavyopimwa, na hauamrishi chochote. Lakini kwa mwenye gari moja la Altezza aishiye Issuna, huo ndio mwanzo sahihi. Akikwama hapo, kulipa upimaji mmoja mjini ni nafuu kuliko kununua mashine atakayoitumia mara mbili kwa mwaka.

Kwa mwekezaji hesabu ni tofauti. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao kila mtu ataubadilisha kwa bei atakazozikuta. Mashine imenunuliwa kwa sh 1,500,000, usasishaji wa programu ni bure mwaka wa kwanza na sh 300,000 kwa kila mwaka wa pili na wa tatu. Gharama ya miaka mitatu ni sh 2,100,000. Kila gari likitozwa sh 20,000, mashine hurudisha fedha zake kwa magari 105, au takriban matatu kwa mwezi. Inaonekana rahisi mno. Fundi akichukua nusu, kama ilivyo haki yake, magari yanayohitajika yanakuwa 210, karibu sita kwa mwezi, na bado kodi ya pango, umeme na bando la intaneti havijaguswa. Fedha hizo hizo zikinunua alizeti wakati wa mavuno hurudi ndani ya msimu mmoja, zikiwa na faida au hasara, na haziko kifungoni miaka mitatu.

Kwa hiyo magari ya spoti peke yake hayawezi kulipa mashine ya Issuna. Wateja wa kweli watakuwa IST, Noah, Hiace na Prado, na gari la spoti litakuwa mteja wa nadra mwenye kulipa vizuri kwa sababu kwingine amekataliwa. Hata hivyo ni gari hilo la nadra linalofaa kutumika kama mtihani dukani, maana mashine inayoelewana na Altezza ya 1999 kwa kawaida haitashindwa na IST. Kinyume chake si kweli.

Mwekezaji atakayetazama barabara hiyo ataona malori mengi kuliko magari madogo, na atajaribiwa. Malori hutumia umeme wa volti 24, na mashine nyingi za magari madogo zimetengenezwa kwa volti 12. Kuichomeka kwenye lori kwa kiunganishi cha kuazima ni njia ya haraka ya kuiunguza. Upimaji wa malori ni biashara nyingine yenye mtaji wake na viunganishi vyake.

Anayenunua Altezza yenyewe kutoka kwa dalali naye ana la kutazama hata kama hana mashine. Swichi ikifunguliwa bila kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa ili mnunuzi asiione baadaye. Aidha namba zinaweza kufutwa asubuhi ya siku ya mauzo kwa kuondoa waya wa betri. Saa ya gari na stesheni za redio zilizopotea ni dalili. Dawa yake ni kuliendesha gari nusu saa, pamoja na kilima, halafu ndipo kulipima.

Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Issuna, na kurudisha mashine isiyofaa hula nauli na siku kadhaa za kazi. Anayekwenda Kariakoo kununua afadhali aombe ichomekwe kwenye gari la aina anayoitaka, nje ya duka, kabla ya kuhesabu noti. Aulize pia kama mashine ilitengenezwa kwa ajili ya soko la China pekee, kwa kuwa baadhi ya hizo hukataa kusasishwa zikiwa nje ya nchi hiyo. Namba ya mashine iliyobandikwa mgongoni iandikwe kwenye risiti ya EFD, na ifanane na ile inayotokea kwenye kioo inapowashwa. Zikitofautiana, asiichukue.