Uvimbe Usiouma: Kwa Nini Tusiuzoee



Katika toleo hili tumeona vema kuzungumzia jambo ambalo kamati za parokia hukutana nalo zinapowatembelea watu majumbani. Mtu ana uvimbe mbele ya sikio au chini ya taya. Hauumi, ukiguswa unasogea, na umekaa miaka saba au kumi. Akiulizwa anajibu, "Huu nimeshauzoea." Kwa mtu wa Kidete, kwenda hospitali Kilosa mjini ni nauli na siku nzima ya shamba kupotea, kwa hiyo hatumlaumu anayesubiri. Lakini tunapenda kueleza kwa nini kusubiri huko kuna hatari.

Ni uvimbe gani huu?

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Zipo pia tezi ndogondogo mamia kadhaa ndani ya kinywa. Si kila uvimbe wa sehemu hizo ni wa namna moja. Matumbwitumbwi huja na homa na maumivu, kisha kwa kawaida hupoa ndani ya siku kumi hivi. Baadhi ya watu wanaoishi na VVU huvimba tezi za pande zote mbili. Uvimbe tunaouzungumzia hapa huwa upande mmoja, hauna homa, na hukua polepole kwa miaka. Ulio wa kawaida kuliko wote huitwa adenoma ya pleomofiki, nao si saratani. Hapa Tanzania uvimbe wa tezi za mate si jambo geni kwa madaktari. Mwaka 2003 jarida la East African Medical Journal lilichapisha uchunguzi uliofanywa juu yake nchini mwetu.

Nini hubadilika ndani yake?

Kila seli ya mwili huhitaji nishati. Seli yenye afya huchoma sukari ya damu, yaani glukosi, kwa msaada wa oksijeni, na kila chembe ya glukosi huipatia takribani vipimo 30 vya nishati. Seli ya saratani mara nyingi huivunja sukari nusunusu hata kama oksijeni ipo. Hupata vipimo 2 tu na kutoa asidi. Ni kama jiko linalokula kuni nyingi na kutoa moshi kuliko moto. Jambo hili lilielezwa katika miaka ya 1920 na mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg.

Kwa nini seli ipoteze nishati hivyo? Kwa sababu inayotaka kugawanyika upesi haihitaji moto peke yake, inahitaji na matofali ya kujengea seli mpya. Sukari iliyovunjwa nusu hutoa malighafi ya kutengenezea mafuta na sehemu nyingine za seli. Ndiyo maana wataalamu wanapochunguza kwa hadubini adenoma iliyogeuka kuwa saratani, mara nyingi hukuta seli mbaya zimeongeza milango ya kuingizia glukosi, pamoja na kimeng'enya kinachotengeneza mafuta.

Mabadiliko hayo hayaji kwa siku moja. Saratani huweza kuanza ndani ya kifuko cha uvimbe, wakati kwa nje hakuna kilichobadilika. Wakazi wa bonde la Mkondoa walioona mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 wanafahamu kuwa maji huanza kupenya chini kwa chini kabla tuta halijabomoka.

Je, mgonjwa aache sukari?

Hapana. Kula sukari hakukuleta uvimbe huu, na kujinyima chakula hakutauondoa. Tena hata adenoma isiyo saratani huweza kuvuta glukosi nyingi, kwa hiyo picha za kisasa zinazofuatilia glukosi mwilini haziwezi kutoa hukumu peke yake. Jibu la uhakika hutolewa na mtaalamu wa patholojia baada ya kuchunguza tishu.

Miaka ina uzito gani?

Makadirio yanayotumika sana yanasema kwamba hatari ya adenoma kugeuka saratani ni kama asilimia 1.5 katika miaka 5 ya kwanza, na hukaribia asilimia 10 baada ya miaka 15. Wengi hawatageuka, lakini hakuna awezaye kujua kwa macho nani atageuka. Dalili za hatari ni uvimbe wa zamani kuanza kukua ghafla, kuuma, kuwa mgumu na kushikana na nyama za ndani, uso kupooza upande mmoja, au mitoki kutokea shingoni.

Tufanye nini?

Asiyekuwa daktari asiukate, asiuchanje wala kuukanda. Mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya, apewe rufaa ya hospitali ya wilaya na kuendelea. Kwa kawaida kipimo cha kwanza huchukuliwa kwa sindano nyembamba. Tiba ni upasuaji unaoondoa uvimbe pamoja na sehemu ya tezi inayouzunguka, kwani ukikwanguliwa tu huweza kurudi. Neva inayoendesha uso hupita katikati ya tezi ya mbele ya sikio, hivyo kazi hiyo yahitaji daktari bingwa, kama wale wa Muhimbili. Ikithibitika kuwa ni saratani, mgonjwa huweza kuhitaji pia mionzi, inayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Tunaziomba kamati za parokia ziandike majina ya wenye uvimbe wa muda mrefu, kwa ridhaa yao na kwa siri, na kumpata mtu wa kuwasindikiza. Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: mara nyingi kinachomzuia mgonjwa wa kijijini ni nauli, malazi mjini na gharama ya kipimo. Mchango unaolipia safari moja mapema huweza kumwepusha mtu na safari nyingi za baadaye, ambazo huenda zisimsaidie tena.